Daktari Asiye na Sindano



Alhamisi moja, baada ya darsa ya kina mama huko Mtongwe, mama mmoja alitungoja mpaka wenzake walipokwisha kuvaa viatu na kutoka, kisha akatuvuta kando ya mlango akatueleza jambo alilokuwa amelibeba moyoni kwa wiki nzima. Binti yake yumo katika mwaka wa nne wa masomo ya uzamivu, katika sayansi za tiba. Mkataba wake wa utafiti unakwisha mwisho wa mwezi wa tatu, na nyumbani hapana aliyekuwa na habari. Kila Jumatatu alfajiri binti huyo huvuka feri, hupanda matatu ya kuelekea kaskazini, na hurejea Ijumaa jioni. Babake, mstaafu wa bandari, huwaambia wenzake wa barazani kwamba haitapita miaka mingi mwanawe ataitwa profesa. Mama mwenyewe aliipata habari ya mkataba kwa bahati tu, aliposikia binti akizungumza kwa simu usiku.

"Nimuulizeje?" alituuliza. "Nikimwambia nimesikia, atadhani nampeleleza. Nikinyamaza, mwezi wa tatu utafika."

Mama na binti wote wameturuhusu tuisimulie habari hii bila ya kutaja jina, kwa sababu wanaamini nyumba yao si ya pekee. Nasi tunaamini hivyo. Katika miaka hii tumeona mabanati na vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wakifika katika daraja za elimu ambazo wazazi wao hawakuzifikia, na elimu hiyo imekuja na masuala ambayo aila zetu hazijapata kuyazoea. Leo tutalitazama moja: mtu aliyesoma sayansi za tiba mpaka uzamivu, au anayefanya utafiti baada ya uzamivu, atafuata njia gani ya kazi, na sisi jamaa zake tumsaidieje kuitafuta?

Tulianza kwa kumwuliza mama yule mwanawe anasoma nini hasa. Akajibu, "Udaktari." Tukamwuliza anatibu wapi. Akacheka kidogo akasema, "Hatibu. Hilo ndilo majirani wasilolielewa. Mwenzangu alimletea mtoto mwenye homa, mwanangu akamwambia ampeleke hospitali haraka. Wakasema ana kiburi, ameshasoma sasa hataki watu."

Hapa tuweke jambo wazi. Wapo madaktari wa aina mbili. Mmoja amefundishwa kutibu mgonjwa aliye mbele yake. Wa pili ana shahada ya uzamivu, yaani amechukua swali moja ambalo halijapata jibu na amelichimba kwa miaka mitatu, minne au mitano mpaka akaongeza kitu katika elimu ya wanadamu. Katika sayansi za tiba swali hilo huweza kuwa juu ya damu, vijidudu, mbu, jeni, dawa au chanjo. Daktari huyu wa pili hana sindano wala haandiki dawa, na kumdai atibu ni sawa na kumdai fundi wa kuchora ramani ya nyumba apige plasta. Wapo walio na elimu zote mbili, lakini ni wachache.

Akishapata uzamivu, mtafiti kwa kawaida huingia katika kipindi kinachoitwa utafiti wa baada ya uzamivu. Ni kazi ya mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu, chini ya mtafiti mkuu mwenye fedha za mradi. Asili yake ni kumpa mtu nafasi ya kukomaa kabla ya kushika kazi ya kudumu. Tatizo ni kwamba kazi za kudumu za chuo kikuu ni chache mno kuliko watu wanaosomeshwa kwa ajili yake, na hali ni hiyo ulimwenguni kote. Mwaka 2010 Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, kilionyesha kwamba katika kila watu 200 waliopata uzamivu wa sayansi nchini humo, 7 hivi ndio hupata kazi ya kudumu ya utafiti chuoni, na anayefikia uprofesa ni mmoja tu. Huko Marekani, kamati ya Taasisi za Taifa za Afya iliyotoa ripoti yake mwaka 2012 ilikuta kwamba wenye uzamivu wa sayansi za tiba waliokuwa katika nafasi za kudumu za chuo, au zinazoelekea kudumu, walikuwa takriban robo tu.

Marekani hawakuishia kusikitika. Kuanzia mwaka 2013 taasisi zizo hizo za afya zilitoa ruzuku kwa vyuo na vituo 17 ili viwasaidie wanafunzi wa uzamivu na watafiti walio baada ya uzamivu kuzijua kazi nyingine zinazohitaji elimu yao. Maana ya mpango ule ni kwamba, ikiwa watu watatu katika wanne watafanya kazi nje ya uhadhiri wa kudumu, basi nje huko ndiko kwenye njia kuu, na si haki kumsomesha mtu kana kwamba njia ni moja.

Hapa kwetu hatuna sababu ya kudhani kwamba mlango wa uhadhiri ni mpana zaidi. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa kawaida zinamtaka mhadhiri awe na uzamivu, na hilo limewatia moyo vijana wengi kusoma. Lakini kutakiwa shahada si sawa na kuwapo kwa nafasi. Vyuo vya umma vimelemewa na madeni, na migomo ya wahadhiri, kama ile ya mwaka 2017 na ya mwaka 2024, imetuonyesha kwamba hata walio ndani hawana raha. Basi binti wa Mtongwe asipoitwa profesa, halitakuwa kosa lake, wala si dalili ya uvivu. Ni hesabu tu.

Je, ni hasara basi kumsomesha mtoto mpaka huko? Hasha. Tutazame jirani zetu wa Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kutoka Kisauni. Mwaka 1989, pembeni mwa hospitali ya wilaya, ulianzishwa mpango wa utafiti wa pamoja kati ya KEMRI, ambayo ni taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya iliyoundwa mwaka 1979, na Wellcome Trust ya Uingereza. Palianza padogo. Leo ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana zaidi Afrika kwa utafiti wa malaria na maradhi ya watoto, na kupitia mpango wake uitwao IDeAL kituo hicho hulea watafiti tangu wanapomaliza shahada ya kwanza mpaka baada ya uzamivu.

Kutoka katika mazingira hayo ametokea Profesa Faith Osier, Mkenya, daktari wa watoto aliyegeuka mtafiti wa kinga ya mwili dhidi ya malaria. Alifanya kazi Kilifi, akapata uzamivu, akaenda Australia kwa utafiti wa baada ya uzamivu, kisha akaongoza kundi la watafiti Heidelberg, Ujerumani, na baadaye akawa profesa katika chuo cha Imperial, London. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2022 aliongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya elimu ya kinga, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Tunamtaja kwa fahari. Lakini tunaomba wazazi wasimfanye yeye kuwa kipimo pekee. Njia yake ni ya kweli na inapitika, ila ni nyembamba, na binti asiyepita hapo hajaanguka.

Ili tuzione njia nyingine, tuchukue kazi moja kubwa tuiangalie kwa ndani. Mwezi wa kumi mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya malaria iitwayo R21. Kabla ya hapo chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi 4: Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya. Kwa Tanzania ilikuwa Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kwa Kenya ilikuwa hapo Kilifi. Watu wengi wakisikia habari kama hii humwona akilini mtu mmoja aliyevaa koti jeupe, ameinamia hadubini. Hebu tufuate damu ya mtoto mmoja tu tuone inapita katika mikono ya nani.

Kabla ya tone la kwanza kutolewa, palikuwa na mtu aliyeandika ombi la ruzuku na anayesimamia hesabu zake, kwa sababu hapana utafiti bila ya fedha, na mwenye fedha hutaka kujua kila shilingi imeenda wapi. Palikuwa na kamati ya maadili ya utafiti iliyousoma mpango wote ili mtoto asidhuriwe wala mzazi asihadaiwe. Palikuwa na wakaguzi wa dawa upande wa serikali, ambao hapa Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu, wenye kusoma maelfu ya kurasa na kuamua kama jaribio liruhusiwe. Kisha akaja mshirikishi wa jamii, aliyekaa chini ya mwembe na kina mama akawaeleza kwa Kiswahili na Kigiriama kwa nini damu inatolewa, ni kiasi gani, inapelekwa wapi, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa.

Damu ilipotolewa, palikuwa na mratibu wa jaribio aliyehakikisha kila mtoto amerudi siku yake, na mkaguzi wa majaribio aliyepita kuchungua kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyotendeka. Maabarani palikuwa na wasimamizi wa sampuli na majokofu yenye baridi kali, ambao uzembe wao wa usiku mmoja ungeweza kuharibu kazi ya miaka. Takwimu zilipokusanywa, wakaja watakwimu wa afya. Katika tafiti nyingine, pale panapotakiwa kusomwa jeni za kijidudu, huja wataalamu wa bayoinfomatikia, yaani elimu ya kuzisoma jeni kwa kompyuta. Hao ndio waliotusaidia wakati wa korona, maabara ya Kilifi ilipofuatilia aina za kirusi kilichokuwa kikienea Pwani. Mwisho wakaja wahariri wa majarida ya sayansi, waandishi wanaoyageuza matokeo kuwa maneno ya kueleweka na umma, na washauri wanaoipelekea wizara habari ili uamuzi ufanywe.

Katika kila nafasi tuliyoitaja, mwenye uzamivu wa sayansi za tiba ana faida, kwa kuwa amejifunza kuuliza, kupima, kutilia shaka, kuandika, na kustahimili kushindwa. Na bado hatujataja viwanda vya dawa, kampuni zinazouza na kutengeneza mashine za maabara, taasisi mpya ya BioVax ambayo serikali yetu iliianzisha ili chanjo zitengenezwe nchini, idara za afya za kaunti, au kazi ya kufundisha. Wala hatujataja Msambweni, kusini ya Likoni, ambako kichocho na maradhi ya mbu yamechunguzwa kwa miaka mingi, au Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Pemba mwaka 2000. Na chikungunya ilipotukunja viungo hapa Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, kila nyumba iliona kwamba kazi za namna hii si anasa ya wasomi.

Turudi kwa binti wetu. Mama yake hatimaye alimwambia ukweli kwamba alisikia. Binti alilia, kisha akasema yote. Kumbe palikuwa na mambo matatu, na mkataba lilikuwa moja tu. La pili, amepewa nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu huko Ujerumani kwa miaka miwili, na jibu linatakiwa. La tatu, imekuja posa kutoka Mikindani, ya kijana mwema, na watu wake wanauliza lini binti "atatulia". Alipokuja kuzungumza nasi alituongezea la nne, ambalo hata mamake hakuwa amelijua. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hadubini imemchosha. Katika miaka yote minne, siku alizozifurahia ni zile alizokwenda kliniki kukaa na kina mama, kujibu maswali yao na kurudi kwa wenzake maabarani kuwaambia, "Fomu hii haieleweki, tuiandike upya."

"Lakini hiyo si kazi," alisema. "Hiyo nilikuwa nasaidia tu. Nikiacha maabara, baba ataona shamba aliloliuza Ng'ombeni limekwenda bure."

Tulinyamaza kidogo, kwa sababu neno lile lilikuwa zito. Kisha tukamwambia kwamba hiyo ni kazi, ina jina, ina watu wanaoifanya maisha yao yote, na vituo vikubwa vya utafiti vina idara nzima za kuwashirikisha wanajamii. Kilifi wapo hata wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe ili kukutana na watafiti. Hatukumwambia aifuate. Tulimwambia aijue, pamoja na nyingine, kabla ya kuchagua. Na hapo ndipo lilipo tunalotaka kulisema leo: uzamivu ni nguzo inayoweza kubeba nyumba za namna nyingi, lakini mwenye nyumba lazima apate muda wa kutazama ramani, na muda huo huanza mapema, si katika mwezi wa mwisho wa mkataba.

Yafuatayo ndiyo tuliyomshauri, nasi tunayaweka hapa kwa manufaa ya wengine.

Kwanza, achukue karatasi aandike mambo matatu: kazi anazozifanya vizuri, kazi zinazomfanya asahau saa, na yale asiyoweza kuyaacha katika maisha yake, kama vile kuwa karibu na wazazi, kupata muda wa kulea, au kutokuwa mbali na nchi zaidi ya muda fulani. Vyuo vya Marekani huwataka wanafunzi waandike mpango kama huo kila mwaka na kuupitia pamoja na msimamizi wao. Haugharimu ila kalamu na ukweli wa nafsi.

Pili, awatafute watu wanaozifanya kazi anazozifikiria, awaombe nusu saa tu. Asiende kuomba kazi; aende kuuliza. Siku yako huendaje? Uliingiaje? Jambo gani hukulitarajia? Ungekuwa mimi, ungejifunza nini mwaka huu? Watafiti wengi hupenda kuulizwa, na mtu mmoja humpeleka kwa mwingine. Sisi watu wa mwambao tunajua kwamba kuuliza si ujinga. Nahodha mzoefu huuliza habari za upepo hata katika bahari aliyoivuka mara mia.

Tatu, aonje kabla ya kununua. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuomba kuhudhuria vikao vya kamati ya maadili, kusaidia kuandika ombi moja la ruzuku, kusoma kozi fupi ya takwimu, kuandika makala moja ya gazeti juu ya utafiti wake, au kuzungumza na wanafunzi wa sekondari iliyo jirani. Mwezi mmoja wa kujaribu humfundisha mtu kuliko mwaka mmoja wa kuwaza.

Nne, aitazame tarehe ya mkataba kama mtu anayetazama tarehe ya kodi ya nyumba. Ajue mwisho wake, ajue kama unaweza kuongezwa, ajue ana akiba ya miezi mingapi na deni gani la mkopo wa masomo. Kuficha tarehe hakuisogezi mbele.

Tano, kuhusu safari ya nje, aiweke mezani pamoja na njia nyingine bila ya kuipa heshima isiyo yake. Kwenda Ujerumani kunaweza kumfungulia milango, kama kulivyowafungulia wengine, iwapo anachokifuata ni ufundi anaouhitaji. Akienda kwa sababu tu hajui pengine pa kwenda, miaka miwili itapita na swali litamngoja pale pale uwanja wa ndege wa Moi. Masuala ya safari ya binti, makazi na mahram yaulizwe mapema kwa masheikh tunaowaamini, mtu akiwa na utulivu wa kusikiliza jibu, yasiachwe yawe kisingizio cha siku ya mwisho. Na istikhara ije pamoja na mashauriano na kutafuta habari; isiwe mahali pa kujifichia uvivu wa kuuliza.

Sasa tunawageukia wazazi, shangazi, ami na majirani, kwani nusu ya mzigo wa binti huyu tuliubeba sisi tukamtwika. Hakumficha babake kwa kuwa ni mwongo. Alimficha kwa kuwa babake alikuwa amekwisha kulitangaza jibu barazani kabla ya yeye kulijua swali. Tunapomwita mtoto "profesa" akiwa bado mwanafunzi, twadhani tunampa moyo, kumbe tunamfungia mlango wa kurudi kutuambia kwamba mambo yamekuwa mengine.

Tujizuie na swali la "utamaliza lini?", kwa sababu utafiti haumalizwi kwa tarehe ya harusi. Tujizuie na la "kwani unalipwa ngapi?" mbele ya wageni. Na wale walioleta posa wakiuliza lini atatulia, waelezwe kwa heshima kwamba anatulia sasa hivi, kwa kuchagua kazi yake kwa akili, na kwamba mume atakayemfaa ni yule atakayeketi naye kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa litakuwa lake pia. Badala ya maswali hayo, tumwulize: "Wiki hii umejifunza nini?" "Kazi gani imekupendeza?" "Unahitaji tukusaidie nini mpaka mwezi wa tatu?"

Wapo watakaotuambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba kijana akionyeshwa njia nyingi atatangatanga. Tunaiheshimu methali hiyo. Lakini anayeonywa hapo ni aliyekwisha kushika. Binti huyu hajashika bado, anatazama. Aliyetazama vizuri kabla ya kushika ndiye ambaye kitu hakimponyoki baadaye.

Tungependa kuwaambia kwamba mambo yamekwisha vyema, lakini tunaandika haya na mwezi wa tatu haujafika. Tunalolijua ni kwamba Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha usiku, binti alimwambia babake. Mzee alikaa kimya muda mrefu, mama anasema, mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la shamba wala la uprofesa. Alisema, "Hao kina mama wa kliniki, walikuwa wakikuuliza nini?"

Binti akaanza kumweleza, na walikaa hadi karibu na saa sita ya usiku. Asubuhi alitoa karatasi yake akaandika majina ya watu wanne wa kuwaendea. Wawili ameshaonana nao. Ujerumani hajawajibu, amewaomba wiki mbili, na wamekubali. Mikindani nao wameambiwa wangoje, nao wamengoja.

Kama katika nyumba yako yupo msomi wa namna hii, wa kike au wa kiume, usingoje kumsikia kwa bahati akizungumza usiku kwa simu. Mkaribishe chai leo jioni, umwulize, kisha umwache aseme mpaka mwisho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri, na awape wazazi subira ya kusikiliza. Tukijaaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.

Wabillahi tawfiq.